Kipandikizi Kinachodanganya kwa Majani

Mabibi na mabwana, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie vipandikizi vya maua, yaani vipande vya matawi vinavyopandwa ili viote mizizi, vinavyokataa kushika, nami nitaanza na kiriba hiki, mfuko mdogo wa kuoteshea miche, nilichonacho mkononi. Ndani yake mna kipande cha bugenvilia chenye unene wa penseli, nilichokikata majuma matano yaliyopita, na kama mnavyoona, kimetoa vitawi vitatu vyenye majani mabichi ya kupendeza. Mngekikuta bustanini, wengi wenu mngesema kimeshika. Sasa nakivuta taratibu. Kimetoka chote, na chini hakina mzizi hata mmoja.

Majani haya yamelishwa na akiba iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya shina kabla sijalikata. Katika joto letu la pwani macho ya bugenvilia huwahi kufumbuka kuliko mizizi inavyowahi kuota, na kila jani jipya hupoteza maji ambayo hakuna kinachoyarudisha. Siku moja vitawi hunyauka ghafla, mwenye bustani hudhani ni kiu, humwaga kopo zima la maji, na hapo ndipo kipande kilichokuwa na nafasi ya kupona kinapokosa hewa na kuoza. Kwa uzoefu wangu, vipandikizi vingi zaidi huuawa na huruma ya namna hiyo kuliko kusahauliwa.

Kwa hiyo, kinapoonekana kudhoofika, msikimbilie ndoo, kichunguzeni chini. Fukueni kidogo, mbonyeze kitako chake kwa kidole gumba, kisha mnuse. Kikiwa cheusi, laini, chenye harufu ya uvundo, kimeoza. Kateni juu ya weusi mpaka mfikie mti mweupe usio na doa, na mkipande upya katika mchanganyiko mwingine wa kupandia, kwa maana ule wa kwanza umekwisha kuchafuka. Kikiwa kigumu na kina uvimbe mweupeupe mahali kilipokatwa, jeraha linafunga, na dawa yake ni kungoja bila kukigusagusa. Kama gome limejikunja huku chini ni kikavu na kizima, kinakaushwa kutoka juu: punguzeni majani, yale makubwa myakate nusu, ng'oeni vichwa vyote vya maua, na mkifunike kwa mfuko unaopitisha mwanga, mahali penye kivuli. Unyevu unatakiwa hewani kuzunguka majani. Kule chini panatakiwa maji kiasi na hewa nyingi.

Hapa naomba nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi hii niliona mchanga wa ufukweni ni mweupe, msafi na wa bure, nikajaza viriba arobaini nikapanda haibiskasi. Baada ya siku kumi kingo za majani zilikuwa za kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni, na kadiri nilivyomwagilia ndivyo zilivyozidi kuungua, kwa sababu hata kisima chetu kilikuwa cha maji ya chumvichumvi. Utando mweupe uliokuwa ukijitokeza juu ya mchanga nilidhani ni ukungu, nikaupulizia dawa! Tangu siku hiyo natumia mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, pamoja na maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kufikia kuwa majivu, na samadi siitii kabisa mpaka mizizi iwepo.

Frangipani ina desturi yake. Ukilikata tawi lake na kulichomeka ardhini siku hiyohiyo likiwa bado linachuruzika utomvu mweupe, hasa wakati wa masika, unaualika uozo uingie. Liwekeni kivulini juma moja au mawili mpaka jeraha likauke, kisha mlipande na kulimwagilia kwa nadra. Haibiskasi na asumini ni kinyume chake: vipande vyake hukatwa asubuhi shina likiwa limejaa maji na kupandwa papo hapo. Angalieni pia chini ya majani ya haibiskasi, maana vidung'ata, wale wadudu waliojifunika unga mweupe, husafiri na kipande kutoka kwenye mti mama, na kipande kisicho na mizizi hakina nguvu ya kuwalisha.

Mtaniuliza tungoje muda gani. Haibiskasi na asumini huhitaji kiasi cha majuma manne hadi manane, na bugenvilia aghalabu huchukua zaidi. Maadamu ukikwaruza gome kwa ukucha unakuta kijani, kipandikizi kiko hai, hata kama hakina jani hata moja. Tena hicho kisicho na jani mara nyingi nakitumainia kuliko hiki nilichowaonyesha.

Bugenvilia ikishashika bado ina mtihani mmoja, kwa kuwa mizizi yake michanga hukatika kama tambi kavu. Msiing'oe wala kuikung'uta udongo. Chimbeni shimo kwanza, mteremshe kiriba ndani pamoja na mche wake, kisha mkipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini na kuuchomoa mfuko pembeni huku mkono mwingine ukilizuia donge lisiporomoke. Mezani pana viriba sita ambavyo mizizi yake imeshafika ukingoni. Nani atatangulia kujaribu?