Kobe wa mgongoni mwa pikapu: tumtengeneze kabla mvua haijaanza

Jambo yenu wote, karibuni uani kwetu hapa Lubumbashi. Hiki kinyumba mnachokiona nyuma yangu watoto wa mtaa wamekiita kobe, na mimi nimelikubali jina. Kinakaa juu ya pikapu. Ukifika pa kulala paa lake linainuka, na barabarani unalishusha. Kilitoka kusini kikapitia Kasumbalesa, na kabla sijakinunua kilikaa miaka chini ya mwembe. Mwembe kwa mtu ni kivuli, lakini kwa paa la kobe ni adui: majani yanaziba mifereji, maji yanakaa, mbao zinakunywa.

Jakaranda zimeshaanza kuchanua, kwa hiyo tuna wiki chache tu kavu. Kila siku naona watu wananunua kobe mzee, na kitu cha kwanza wanachofunga ni pano ya jua (paneli ya sola) na taa za rangi. Msifanye hivyo. Kwanza tafuteni maji yanaingilia wapi.

Haya, tuanze. Kabla ya kufungua visi (skrubu) hata kimoja, fungua mlango wa dereva usome kibao cha uzito. Toa uzito wa gari tupu kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa; kinachobaki ndicho mnachogawana wewe, mkeo, watoto, mafuta, maji na kobe mwenyewe. Lita 60 za maji ni kilo 60, hazina huruma. Ukipata nafasi, panda kwenye mizani ya malori na mzigo wako wote. Mimi nilikadiria kwa macho, nikakosea kwa uzito wa watu wawili wazima.

Sasa maji. Kamera isogee hapa, kwenye pembe ya kitanda. Mnaona hii alama ya kahawia iliyojichora kama ramani? Nabonyeza kwa kidole gumba... tazameni, kinaingia kama kwenye mkate uliolowa. Hapo mbao imeoza. Lakini angalieni: mbao imeozea hapa, maji hayakuingilia hapa. Maji yanatembea. Yanaingia kwenye tundu la kisi kule juu, yanafuata ubao, yanadondokea yanapotaka. Fundi mmoja wa mtaa wa Katuba alinicheka nilipokuwa napaka mastiki, ile dawa ya kuzibia, juu ya alama: "Mukubwa, maji haiingiaka hapa, inatokeaka hapa."

Njia ninayoipenda ni ya kupuliza. Shusha paa, funga madirisha na matundu yote, kisha ingiza bomba la mashine ya kupulizia vumbi kwenye tundu moja na uzibe pembeni kwa tambara. Upepo ukijaa ndani, panda juu na ndoo ya maji ya sabuni na brashi, upake kila mshono, kila kisi, ukingo wa kila dirisha. Panapotoa povu, tia alama kwa chaki. Hapa nimepata sehemu saba. Tano ziko kuzunguka tundu la hewa la paani, mahali ambapo mimi ningeapa pamezibwa vizuri.

Kwa nini hapakuzibwa? Kwa sababu ya hii: silikoni. Ile ya bafuni, ya bei rahisi. Inashika miezi michache, kisha inaanza kuachia kingo, na balaa lake ni kwamba ikishapita mahali, hakuna mastiki nyingine inayoshika vizuri juu yake. Lazima uikwangue yote. Tumia kipande cha plastiki ngumu, si bisibisi, maana bisibisi inachana bati. Kwangua, futa kwa spiriti, kwangua tena. Kazi hii ilinichukua siku mbili na vidole viwili vyenye malengelenge.

Panapokuwa safi, toa tundu la hewa lote, weka utepe wa butili, ule mpira laini unaonata, chini ya ukingo wake, urudishe na ukaze visi kidogo kidogo kwa kupishana, hadi butili ichungulie pembeni kama siagi kwenye mkate uliobanwa. Visi viwe vya chuma kisichoshika kutu. Cha kawaida kinaliwa na kutu, na tundu linabaki wazi. Ukikosa butili, ile mastiki ya poliuretani ya kubandikia kioo cha mbele cha gari inafaa, ila haipendi jua: ipake rangi nyeupe ya paa juu yake.

Mbao iliyooza usiipake chochote. Ikate. Endelea kukata hadi ufike kwenye mbao kavu inayolia "ko ko" ukiigonga, kisha ongeza upana wa kiganja. Halafu mwache kobe wazi wiki mbili. Hewa ya Septemba ya hapa ni kavu, itakufanyia kazi bure. Kuna watakaokushauri uweke mbao ya mti wa mukula kwa sababu ni mgumu. Ni mgumu kweli, na ni mzito vilevile. Kumbuka ule uzito tuliouhesabu. Paini nyepesi, iliyopakwa gundi ya epoksi kwenye ncha zake zote, inatosha.

Tuje kwenye paa. Hizi fimbo mbili kila upande, kama zile zinazoinua mlango wa nyuma wa gari, zina gesi ndani, na zinazeeka. Kabla ya kuzigusa, simamisha mbao mbili imara chini ya paa. Sirudii: mbao mbili. Soma namba iliyoandikwa kwenye mwili wa fimbo, ina herufi N (nyutoni) mwishoni. Hiyo ndiyo nguvu yake. Badilisha jozi nzima, na funga upande mwembamba ukiangalia chini paa likiwa limeshuka, ili mafuta ya ndani yaendelee kulowesha mpira. Ile ya zamani usiitoboe wala kuitupa motoni, bado ina shinikizo.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Mwaka jana nilifunga pano mbili ngumu juu, kila moja kama kilo 8, na fimbo nikaziacha zilezile. Tukalala njia ya Likasi. Usiku wa manane mke wangu ananigusa: "Baba, hili paa lilikuwa karibu hivi tulipolala?" Lilikuwa linashuka polepole kama mtu anayesinzia. Tulilishikilia kwa mpini wa koleo hadi asubuhi.

Kitambaa cha ukutani, kile kinachonyooka paa likiinuka, nitakipitia haraka. Kikiwa na matundu tu, weka kiraka ndani na nje kwa gundi ya PVC. Kikiwa kimeisha, nenda kwa wale wanaoshona bashi, yaani maturubai, za malori ya shaba. Mashine zao zinaweza. Lakini bashi yenyewe ya lori usiichukue: ni nene, haikunjiki paa likishuka, na usiku wa Juni pumzi zenu zitageuka maji zikidondoka usoni. Turubai la pamba iliyochanganywa na poliesta linapumua. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza.

Umeme. Mwenye kobe wa kwanza aliunganisha nyaya kwa kusokota na kuzungushia skochi. Nimezing'oa zote. Kanuni yangu ni fyuzi karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, kiganja kimoja tu. Ikiwa mbali, waya uliopo kabla yake ukichubuka hauna wa kuuzima. Friji ya kompresa inakula kama wati 45 ikifanya kazi, na kwa joto la Oktoba inafanya kazi nusu ya siku: hiyo ni kama wati-saa 540. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu yake tu. Kwa hiyo karibu umeimaliza, na bado hujachaji simu. Pima kwa multimeta, kile kipima umeme, betri ikiwa imepumzika: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Waya wa friji uwe wa milimita 6 za mraba. Mwembamba unakula volti njiani, friji inazima, na wewe unailaumu friji. Sanduku la betri ya asidi liwe na tundu la kutolea hewa nje.

Chupa ya gesi nayo ikae kwenye kisanduku chenye tundu sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Kila kiungo kipake povu la sabuni, usitumie kiberiti. Na jamani, baridi ya Juni isikudanganye ukaingiza mbabula ya makala (jiko la makaa) ndani. Hata kama moto umebaki mwekundu bila moshi, ile hewa yake haionekani, hainuki, na inaua watu wakiwa wamelala.

La mwisho, vumbi. Barabara ya udongo, nyuma ya gari kunakuwa na mvuto unaonyonya vumbi kupitia mlango. Watu wanaziba, wanaziba, bado linaingia. Funga mpira kwenye mlango, ndiyo, lakini pia fungua kidogo tundu la mbele la paa, linaloangalia upepo, na uliwekee sponji ya kuchuja. Hewa ikiingia kwa mbele, ndani kunajaa, na nyuma vumbi linakosa pa kupita. Hapa kwenye sponji mnaona rangi: hii ni safari moja tu ya Kasenga, na shuka zimerudi nyeupe.

Haya, nashusha paa. Ngoja kwanza nifagie haya maua, yasije yakaziba mfereji.