Sauti ya Karibu: Al Bowlly na "The Very Thought of You"

Asanteni kwa kutulia. Wimbo tuliousikiliza unaitwa "The Very Thought of You". Mtunzi wake ni Ray Noble, mzaliwa wa Brighton, na bendi yake iliurekodi London mwaka 1934 kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV. Naam, HMV hiyohiyo yenye nembo ya mbwa na gramafoni, iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928.

Mwimbaji ni Al Bowlly, na ndiye aliyenifanya nisimame mbele yenu leo. Alizaliwa kwenye bahari yetu hiihii, kusini zaidi: Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo. Baba Mgiriki, mama Mlebanoni. Akakulia Johannesburg, akafanya kazi ya unyozi, kisha muziki ukamzungusha India, Singapore na Berlin, hadi akatua London mwaka 1928.

Sasa tuiangalie sauti. Kabla ya maikrofoni, mwimbaji wa bendi ya dansi alilazimika kupaza sauti ili matarumbeta yasimmeze. Bowlly hakupaza. Aliisogelea maikrofoni akaimba kama anayezungumza na mtu mmoja, meza moja, usiku watu wamekwisha kuondoka. Ukimsikiliza nyumbani, kando ya gramafoni, unaona kabisa kwamba anakuimbia wewe.

Na maneno yanakwenda na sauti hiyo. Nyota zimo, maua yamo, kama nyimbo nyingine za mapenzi. Lakini Noble haanzii huko. Anaanza na mtu ambaye akimfikiria tu mpenzi wake, anasahau vijikazi vidogo vya kila siku. Hapo ndipo ninapoguswa, kila mara. Mimi huiona chai imepoa mezani, kifungo cha shati kimeachwa wazi, na mwenyewe ametulia tu, anatabasamu. Hakuna kiapo, hakuna kilio. Kwa maoni yangu, hakuna wimbo wa dansi wa Uingereza wa miaka ile uliolisema jambo hili vizuri zaidi. Billie Holiday aliuimba mwaka 1938, na Nat King Cole naye baadaye, lakini mimi hurudi kwa Bowlly.

Aprili 1941, London ikiwa chini ya mabomu, Bowlly alikwenda kuimba High Wycombe, nje ya jiji. Angeweza kulala hukohuko. Akachagua kurudi nyumbani usiku uleule. Usiku huo wa kuamkia tarehe 17, bomu la Wajerumani lililoshushwa kwa parachuti lililipuka nje ya jengo alimokuwa akiishi, Duke Street, likamuua. Akazikwa katika kaburi la pamoja na wahanga wengine wa mabomu.

Naomba turudishe sindano mwanzo. Upande mmoja wa santuri hii ni kama dakika tatu tu. Safari hii msikilizeni anapovuta pumzi.