Gemu lako linafanana na la nani?

Habari za mchana jamani, asanteni kwa kuja, naingia moja kwa moja kwenye mada maana muda wenyewe ndo huu. Vijana wanaotengeneza gemu huwa wananiuliza kitu kimoja, yaani gemu langu linafanana na la fulani, sasa hapo nimeiba au sijaiba? Mi nawauliza, umechukua nini kwake? Kama umechukua swali lake ukaenda kuhangaika nalo mpaka ukapata jibu lako, umefanya kazi. Ukichukua jibu lake ukabadilisha rangi na jina, hapo umedesa.

Chukua Space Invaders ya 1978, ile ya Taito ya Japani. Aliyeitengeneza anaitwa Tomohiro Nishikado na hajawahi kuficha kwamba alikuwa amenogewa na Breakout ya Atari ya 1976, ile ya kurusha mpira unabomoa matofali, yeye akawaza je hayo matofali yangekuwa yanakufuata na yanakupiga risasi? Sura za wale viumbe nazo akaziokota kwenye riwaya ya H. G. Wells ya The War of the Worlds, wale wavamizi walioelezwa kama pweza. Kwahiyo mpaka hapo kaazima sehemu mbili na gemu bado halijaiva. Sasa kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa haina nguvu, kuchora wavamizi 55 kwa pamoja inaelemewa, wanatembea polepole, ukianza kuwaua wanabaki wachache inapata nafuu na wao wanaongeza mwendo, yule wa mwisho anakimbia kama kachanganyikiwa. Mwingine angeona hiyo hitilafu akairekebisha. Nishikado akaiacha kwa makusudi! Na hiyo ndo iliyowatoa watu jasho la viganja, kwamba ukikaribia kushinda ndo gemu linakuwa gumu zaidi. Breakout haina hicho, wala kitabu cha Wells hakina, kimetoka kwa mtu aliyekaa na kitu chake akakichunguza.

Halafu njoo 2014. Mwezi wa pili ikatoka Threes, gemu la simu la Asher Vollmer na Greg Wohlwend, unasukuma vigae vya namba, 1 na 2 zinaungana zinakuwa 3, 3 na 3 zinakuwa 6, basi, ukiliona unasema hata mi ningelitunga jioni moja. Ila walihangaika nalo zaidi ya mwaka mzima, wakajaribu kulivalisha kila vazi, sushi, wanyama, mpaka supu ya brokoli, wanaongeza kitu wanakitoa, mpaka kikabaki hicho kidogo. Ule wepesi unaouona ndo kazi yenyewe walioifanya. Haikuisha hata miezi miwili ikatoka 1024, gemu jingine la vigae vya namba, halafu ikaja 2048 ya kijana wa Italia mwenye miaka 19, Gabriele Cirulli, kaiandika wikiendi moja akaiweka bure, ikasambaa dunia nzima, na watu walioanzia 2048 wakikutana na Threes wanasema hii nayo imekopi 2048. Hapo roho inaniuma kwelikweli.

Cirulli mwenyewe simwiti mwizi, nataka niliseme hili vizuri. Aliandika palepale kwenye gemu kwamba limetokana na 1024 na linafanana kimawazo na Threes, na msimbo wa gemu (code) akauachia wazi kila mtu auone. Ila ukizicheza zote mbili taratibu utaona kilichopotea, kwenye Threes kigae kinasogea hatua moja tu kwahiyo kila ukisukuma unapanga, kwenye 2048 vyote vinateleza mpaka ukutani, unarundika kwenye kona moja na unafika mbali bila kuwaza sana. Wanaonikera ni wale waliokuja baada yake kwenye maduka ya simu, vigae vilevile, rangi mpya, matangazo juu na chini, jina la mtu hata moja hakuna.

Na usitegemee sheria ikuamulie. Kwenye kesi ya Tetris, lile gemu la kupanga maumbo yanayoanguka, dhidi ya Xio, kampuni iliyoliiga, mahakama ya New Jersey, Marekani, 2012, Xio walijitetea kwamba wamechukua kanuni tu, na kweli kule Marekani kanuni za mchezo hazina hakimiliki, kilichowaangusha ni kwamba walichukua na maumbo na uwanja uleule wa miraba 10 kwa 20. Maana yake sheria inalinda sura, na kwenye gemu kazi kubwa iko kwenye kanuni. Huko unabaki na dhamiri yako.

Sisi wenyewe tuna mfano mkubwa. Michezo ya kugawa kete kwenye mashimo imejaa Afrika hii, mingine ni ya safu mbili. Bao la Kiswahili lina safu nne, mashimo 32, kete 64, lakini utamu hauko kwenye ukubwa, uko hapa, kwamba huanzi na kete zote ubaoni, kila mchezaji ana 22 mkononi anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja, na una nyumba, shimo maalumu linaloanza na kete 6, ukila ukafika pale unaamua mwenyewe, unalala, yaani unaishia hapo, uitunze au unaibomoa uendelee. Uamuzi huo mmoja unamfanya mzee akae kimya anaangalia ubao na watu wote nyuma yake wananyamaza. Sasa mtu akichora ubao mzuri wa mninga, akaweka sauti ya kete, halafu ndani akaweka kanuni za safu mbili alizozikuta kwenye intaneti, mi naona katudhulumu. Afadhali yule atakayeichukua hiyo nyumba aipeleke kwenye gemu la mbio au la kilimo, mchezaji awe na akiba yake sehemu na kila akipita pale ajiulize niivunje leo au niiache.

Haya, wale mlioniambia mnatengeneza gemu la daladala, leteni laptop hapa mbele tulicheze wote, nataka mnioneshe ni wapi mchezaji wenu anakutana na uamuzi ambao haupo kule mlikotoa wazo.