Taa za Gari Zimepiga Ukungu? Zisafishe Mwenyewe Uani

Assalaam alaykum jamaa zangu. Leo tuko Chake Chake na hii Toyota ya shemeji yangu, ya mwaka 2001. Tazameni taa zake za mbele: manjano, kama macho yaliyoingia mtoto wa jicho. Usiku haendi tena Wete, na namwelewa, maana gari la ng'ombe huko njiani halina taa ya nyuma.

Hiki tunachokiita kioo ni plastiki ngumu. Kiwandani ilipakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Jua limeshaila ngozi hiyo, sasa linaila plastiki yenyewe. Taa za magari ya zamani sana ni kioo kweli. Hizo usizitie msasa.

Kabla ya yote, mwagia maji. Ikirowa ikaonekana safi, ikikauka ukungu ukarudi, ugonjwa uko nje, tutautoa. Ukiona matone kwa ndani, maji yamepenya kwenye taa, na msasa haufiki huko.

Osha kwa sabuni, kausha, kisha zungushia ile gundi ya karatasi ya mafundi rangi, tabaka mbili. Msasa ukigusa bodi umejitafutia kazi nyingine.

Chukua msasa wa maji namba 800, uroweshe, sugua kwenda kulia na kushoto, mkono mwepesi, maji yasikauke. Unaona? Yanatoka kama tui lililotiwa bizari. Endelea mpaka yatoke meupe. Taa itaonekana mbaya kuliko mwanzo, usikhofu. Hapa ndipo wengi wanapochoka wakaacha manjano pembeni, na klia, ile rangi angavu tutakayopuliza mwisho, haifichi manjano.

Sasa namba 1500, lakini sugua juu na chini, ili mikwaruzo ya kwanza uione ikipotea. Halafu 2000, tena kulia na kushoto. Suuza kila unapobadilisha. Chembe moja ya mchanga inakurudisha nyuma.

Wengine hapa hupaka rabingi (dawa ya kung'arishia rangi ya gari), au dawa ya mswaki, taa ikang'ara, wakapiga picha, basi. Baada ya muda manjano yanarudi, tena haraka, kwa sababu mabaki ya ile ngozi umeyasugua wewe na hukuweka nyengine. Kwa hiyo mimi rabingi siitumii. Nafuta kwa spiriti (sio tina ya kuyeyushia rangi, tina inapasua plastiki) kisha napuliza klia ya kopo yenye kinga ya jua.

Funika boneti na bampa kwa magazeti. Gari itoe chini ya mwembe, wadudu wasije wakanasa. Na kama jirani kaanika karafuu, nenda mbali kabisa. Karafuu zikinuka rangi, hilo deni lako. Fanya asubuhi, upepo haujaamka, na ufunge pua na mdomo.

Tikisa kopo vizuri. Pulizia kwa umbali wa kama sentimita 25, nyembamba, usisimamishe mkono. Ona ukungu wa msasa unavyoyeyuka! Subiri kama dakika 10, au kadiri kopo lilivyoandikwa, rudia mara mbili. Ukizidisha itachirizika, na dawa yake ni kurudi kwenye msasa. Usiiguse mpaka kesho.

Haya, ya kushoto tayari. Ya kulia nitaisugua kimya kimya.