Montalcino: mvinyo una subira, zeituni hazina

Hamjambo wapendwa watazamaji. Huo mji mnaouona nyuma yangu ni Montalcino, uko juu ya kilima hapa mkoa wa Toscana, Italia, kama mita 560 kutoka usawa wa bahari. Ile ngome ya mawe ilijengwa 1361. Sasa tazameni huku mteremkoni: hiyo mistari iliyonyooka ni mizabibu, na miti yenye majani ya rangi ya fedha ni mizeituni.

Brunello, mvinyo mwekundu wa hapa, hutengenezwa kwa zabibu za aina ya Sangiovese tupu, kuchanganya ni marufuku. Hekta moja hairuhusiwi kupita tani 8, kwa hiyo kabla ya mavuno mkulima hupunguza vichala kwa mkasi na kuvitupa chini. Ndugu zetu wa Dodoma mnaovuna mara mbili kwa mwaka mnaelewa inavyouma. Kisha mvinyo unakaa kwenye mapipa ya mwaloni miaka 2 au zaidi. Zabibu za 2020 zilianza kuuzwa kama Brunello Januari 2025! Mkulima anakula nini muda wote huo? Anatenga sehemu ya zabibu kwa Rosso di Montalcino, mvinyo mwekundu usiosubiri sana, unaouzwa kuanzia Septemba ya mwaka unaofuata.

Zeituni ndizo zinazowakimbiza watu. Wanavuna Oktoba na Novemba: neti zinatandazwa chini ya mti, matawi yanachanwa kwa reki za mkono au za mota. Zinawekwa kwenye kreti zenye matundu. Ukizijaza kwenye gunia zinabanana, zinapata joto, zinachacha, na mafuta yatanuka uvundo. Zilizookotwa chini hazichanganywi, wala zilizotobolewa na inzi wa mizeituni.

Siku hiyohiyo zinapelekwa mashineni. Majani yanapepetwa, zinaoshwa, zinasagwa pamoja na kokwa zake. Kile kinyunga kinakorogwa polepole dakika 20 hadi 40, joto chini ya nyuzi 27. Ukipandisha joto unapata mafuta mengi zaidi, lakini harufu yote imepotea, na mimi sioni faida hapo. Mwisho mashine inayozunguka kwa kasi inatenganisha mafuta, maji na makapi. Kilo 100 zinatoa kilo 12 hadi 18 tu. Yakiitwa extra vergine, yaani daraja la juu kabisa, asidi haizidi asilimia 0.8.

Mkinunua, angalieni mwaka wa mavuno kwenye lebo na mchague chupa ya kioo cheusi. Msiiweke karibu na jiko. Na yakiwakereketa kooni msidhani yameharibika. Mafuta mapya ndivyo yalivyo.