Pasta ya Kuoka ya Kiitaliano Isiyokauka

Haya jamani karibuni jikoni, leo tunapika pasta al forno, ile pasta ya Kiitaliano ya kuoka kwenye oveni, na kitu nnachotaka ukishike kuliko vyote ni kwamba pasta ikishaingia kwenye oveni inaendelea kunywa sosi, ndo maana za watu wengi zinatoka kavu.

Tunaanza na sosi ya nyama kwa sababu ndo inayokaa sana motoni. Mafuta ya zeituni kwenye sufuria, kitunguu maji, karoti na seleri, vyote umekatakata vidogo vidogo, moto wa wastani na usiwe na haraka kabisa, vikishalainika tia nyama ya kusaga nusu kilo. Sasa hapa wengi wanakosea, nyama ikibadilika tu rangi wanawahi kuweka nyanya. Subiri! Acha maji yake yakauke mpaka usikie inachachatika na iwe kahawia, utamu wote uko hapo. Alafu nyanya za kopo, gramu 800, chumvi, pilipili manga, funika nusu, moto mdogo saa nzima, ikianza kushika chini ongeza maji kidogo.

Wakati inatokota tufanye sosi nyeupe. Yeyusha siagi gramu 50, tia unga wa ngano gramu 50, koroga mpaka ile harufu ya unga mbichi iishe, alafu maziwa mililita 750 kidogo kidogo huku unakoroga, ukimwaga yote mara moja utapata mabonge. Ona hapa, nikipitisha kidole mgongoni mwa mwiko mstari unabaki, basi imetosha, ipua. Kwangulia kungumanga kidogo.

Pasta ni penne au rigatoni, zile fupi zenye tundu katikati, gramu 400, chemsha kwenye maji mengi yenye chumvi, angalia dakika zilizoandikwa kwenye pakiti alafu punguza tatu. Kata moja katikati, ukiona kakidoa keupe ndani, chuja saa hiyohiyo na usiisuuze, ule wanga wake ndo unashika sosi.

Changanya pasta na sosi ya nyama, iwe majimaji kuliko unavyodhani inafaa, usiogope, oveni itamalizia. Kwenye trei weka nusu ya pasta, nusu ya sosi nyeupe, mozarela, ile jibini laini, uliyoikamua maji, alafu rudia tena, juu kabisa mwagia jibini ngumu ya parmesani ya kukwangua mpaka kwenye kona.

Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 190, dakika kama 30 hivi, juu ipate rangi na pembeni ichemke.

Ukitoa usikate! Iache dakika 15 ishikane, ukiwahi inamwagika yote kwenye sahani. Ikibaki ya kesho, nyunyizia maziwa vijiko viwili, funika na foili ndo uipashe.