Mkono Juu ya Mkono: Rangi katika Turubai za Mark Rothko

Mabibi na mabwana, fundi rangi akisifiwa kwa ukuta uliotoka vizuri, mara nyingi hujibu kwa kutaja idadi ya mikono, yaani tabaka za rangi, aliyopiga. Naomba tuanzie kwenye jibu hilo, kwa kuwa mchoraji Mark Rothko, aliyezaliwa mwaka 1903 katika mji wa Dvinsk, ambao leo uko Latvia, na kuhamia Marekani akiwa mtoto wa miaka kumi, alifanya kazi ambayo fundi huyo angeielewa upesi kuliko wengi wetu. Tofauti ni kwamba fundi huuficha mkono wa kwanza, ilhali Rothko alitaka uonekane.

Kwa mbali, turubai zake za miaka ya 1950 ni mistatili miwili au mitatu tu. Ukisogea, na yeye mwenyewe alipendekeza mtazamaji asimame umbali wa sentimita 45 hivi, utaona kingo zimetawanyika kama wino ulioingia maji, na chini ya rangi moja nyingine inachungulia. Aliizimua rangi mpaka ikawa nyepesi mno, kisha akaipaka tabaka juu ya tabaka, hivi kwamba mwanga huipenya ya juu, huigonga ya chini, na kurudi machoni umebeba zote mbili; ndiyo maana nyekundu yake huonekana kuwaka kwa ndani. Alidai kwamba hakujali uhusiano wa rangi, bali hisia kuu za binadamu tu. Hapo, nadhani, alijidhulumu, kwani hisia hizo hazikuwa na njia nyingine ya kutufikia.

Ushahidi uko Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1964 turubai zake tano, nyingi ya rangi zake zikiwa za jamii ya damu ya mzee, zilitundikwa katika chumba cha kulia chenye madirisha makubwa. Rangi mojawapo aliyochanganya, Lithol Red, haistahimili jua. Nyekundu ikaondoka, na kwingine ikabaki samawati iliyopauka. Mwaka 1979 zikashushwa. Maumbo yalikuwa yale yale, lakini uzito wake ulikwenda na rangi.

Kuzipaka upya kungeizika mikono ya mchoraji. Kwa hiyo mwaka 2014 wataalamu wa makumbusho ya chuo hicho walizimulika kwa projekta iliyorudishia kila sehemu rangi iliyopotea, bila kuigusa turubai. Kila siku ilipofika saa kumi jioni projekta ilizimwa, na wageni wakaziona zilivyo.